Karatasi Tatu za Mahudhurio

Yuliana alianza kumshuku Onesmo siku aliposifia mwandiko wake.

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Julai, baada ya usafi wa kanisa. Watu wa jumuiya zote nne za Kigango cha Mtakatifu Ana walikuwa wamebaki kupanga sikukuu ya somo wao, na Yuliana, katibu wa kigango, alikuwa ameshafungua daftari la mahudhurio kama alivyozoea. Onesmo, mwenyekiti, akamzuia kwa upole. Alisema watu ni wengi, daftari moja litazunguka mchana kutwa. Akatoa karatasi tatu nyeupe kwenye mkoba wake, akamwomba azipige mistari, aweke nafasi ya namba, jina, jumuiya na saini, kisha ziende kwa mpigo mmoja kwenye mabenchi. Mwishoni angezipeleka yeye mwenyewe parokiani ili Padre aone jinsi kigango kilivyo hai. Yuliana akapiga mistari, na Onesmo akasimama nyuma yake akitazama rula inavyokwenda.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kusikika, "mwandiko huu ulikosea njia tu. Ulitakiwa uwe mkuu wa wilaya."

Watu wakacheka, na Yuliana akacheka nao. Akaandika jina lake kwenye namba moja, kwa kuwa Onesmo alisisitiza aanze yeye, akasaini, akazipitisha karatasi. Lakini sifa hiyo ilimshangaza. Alikuwa ameolewa katika ukoo wa Onesmo kwa miaka ishirini na miwili, akiandika barua za harusi na za misiba mbele ya macho yake, na mtu huyo hakuwahi kuusifia mwandiko huo. Kwa miaka miwili ya mwisho alikuwa hata hautazami.

Mwandiko ndio uliomfikisha Yuliana alipokuwa. Alizaliwa Bugwema, mtoto wa tano wa mkulima wa pamba, akamaliza darasa la saba na kuishia hapo. Mama yake alikuwa akipeleka udaga, mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, bandarini Mwigobero kwa ajili ya watu wa vijiji vya ziwani, na kila gunia lililopanda mtumbwi lilihitaji jina la mpokeaji. Yuliana, akiwa na miaka kumi na nne, ndiye aliyeandika majina hayo kwa mkaa, herufi kubwa zilizosimama wima, hata wenye mitumbwi wakawa wanamwita awaandikie na magunia ya watu wengine. Alikuwa mtoto mwenye haya. Ukimsemesha aliangalia chini. Lakini gunia lililoandikwa na yeye halikupotea.

Alipoolewa na Makongoro na kuhamia huku Butiama, upande wa barabara ya Buhemba, alikuja na Kijita chake, na mama mkwe alicheka kila alipojaribu Kizanaki. Mtu wa kwanza kumheshimu alikuwa katekista Bernado, Mwalimu kama watu walivyomwita. Siku ya kusaini kitabu cha ndoa, Bernado aliinua kitabu kile hadi puani, akakitazama muda mrefu, akasema sasa kigango kimepata mtu. Baada ya miaka miwili akampendekeza kuwa katibu, na hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna aliyeitaka kazi hiyo.

Hawakujua ni kazi gani. Naye hakujua. Jumuiya husali kila Alhamisi saa kumi, nyumba kwa nyumba, na baada ya sala daftari huzunguka. Aliyefika anasaini. Asiyefika anawekewa sifuri. Aliyetuma neno kwamba anaumwa au amesafiri anawekewa herufi U, yaani udhuru. Kidogo kidogo daftari lile likawa na uzito. Mtoto akitaka ubatizo, Bernado anauliza wazazi wanasali wapi, na daftari linafunguliwa. Binti akitaka barua ya kuolewa parokia nyingine, daftari. Mtu akifa, daftari. Yuliana akaanza kusalimiwa na watu ambao zamani hawakumwona. Wengine walimwachia mlangoni mafungu ya dagaa bila kusema neno. Hakuomba, na hakurudisha. Ukweli ni kwamba alipenda.

Miaka miwili kabla ya ile Jumamosi, Gody, mdogo wake Onesmo, alifukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu Buhemba. Bernado alituma mtu kwa Yuliana kuuliza mahudhurio ya marehemu. Yuliana alikwenda mwenyewe msibani na daftari chini ya khanga, akalifungua mbele ya wazee, akasoma kwa sauti ndogo: mara mbili kwa mwaka mzima. Bernado akasema basi, kanuni ya parokia inajulikana, asiyeshiriki jumuiya hasomewi ibada ya mazishi. Akaondoka. Gody alizikwa na ndugu zake, bibi yake akiongoza rozari, akikosea mafumbo. Onesmo hakugombana na mtu. Mwaka uliofuata aligombea uenyekiti wa kigango akashinda, na watu walisema ni moyo wa Kikristo.

Kwa hiyo Yuliana alimtazama kwa jicho la pembeni. Baada ya ile Jumamosi, Onesmo alianza kutembelea watu. Leo yuko kwa mgonjwa, kesho anasaidia kuezeka choo cha mjane, keshokutwa amekwenda Mwigobero na kurudi na sangara anaowagawia majirani vipande vipande. Hakuomba chochote. Hilo ndilo lililomsumbua Yuliana, kwamba haombi. Wanawake kisimani zamani walikuwa wakizungumza na Yuliana vizuri, lakini sasa akiwafikia wanabadilisha habari. Esta, wifi yake, ambaye hakuwahi kumficha hata bei ya kitenge, alianza kumjibu kwa ufupi. Yuliana akajiambia ni mawazo yake. Usiku akamwambia Makongoro kwamba kuna kitu kinapikwa pale kigangoni. Makongoro, ambaye maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kiganja, alisema watu wanajiandaa na sikukuu, kisha akageukia ukutani.

Jumanne ya wiki ya pili tangu ile Jumamosi, Padre Apolinary akampigia simu aende parokiani peke yake.

Alipanda bodaboda akiwa amevaa sare ya wanawake wa Kanisa, kana kwamba nguo ingemkinga. Padre alimkaribisha ofisini, akamwuliza habari za Makongoro na za mihogo, kisha akasukuma karatasi mbele yake. Juu kulikuwa na barua iliyochapwa kwa kompyuta, ikielekezwa kwa Askofu kupitia kwa Paroko. Chini kulikuwa na muhuri wa duka la steshenari la Bunda lililotoa nakala. Nani anakwenda kuchapa barua Bunda wakati Butiama yenyewe ina maduka mawili, Yuliana alijiuliza, na jibu likaja lenyewe: mtu asiyetaka kuonwa.

"Sisi waumini ambao majina yetu yameambatishwa," barua ilianza. Iliomba katekista Bernado aondolewe. Ni mkali, inasema, anawagawa watu, umri umekwenda, na nyumba ya kigango anayoishi inahitajika kwa katekista mpya kabla ya mwisho wa Agosti. Yuliana alijua maana ya mstari huo wa mwisho. Bernado aliingia kwenye nyumba ile akiwa kijana. Kwao kiwanja kilishagawanywa kati ya wadogo zake, hakuachiwa hata pa kuweka kitanda.

Akafunua ukurasa wa pili, akakutana na mistari yake mwenyewe.

Zilikuwa zile karatasi tatu. Kichwa alichoandika juu, "Mahudhurio ya Kikao cha Sikukuu", hakikuwapo. Mtu alikifunika wakati wa kutoa nakala, pakabaki weupe. Namba moja ilikuwa yeye, Yuliana Nyamburi, katibu, saini. Chini yake majina arobaini na matano. Kwenye namba kumi na tisa, mbele ya jina la mzee Nyamhanga, hapakuwa na saini bali herufi U, kwa kuwa siku ile Nyamhanga alikuwa Bunda kwa daktari wa macho, na Yuliana, kwa mazoea, alimwandikia udhuru. Akapitia karatasi zote tatu mara mbili. Jina la Onesmo halikuwamo popote.

"Saini hii ni ya kwako?" Padre akauliza.

"Ni yangu, Padre."

"Kwa hiyo barua uliisoma."

"Saini ni yangu. Barua siijui."

Padre akamtazama usoni. Yuliana naye akamtazama, na mashaka yake yakaongezeka badala ya kupungua. Pikapu ya Onesmo ndiyo iliyobeba saruji ya nyumba hii ya mapadre. Ya nini kumwita peke yake? Padre akaeleza taratibu kwamba njia rahisi ipo. Yuliana aandike maelezo mafupi, kwamba majina yalikusanywa kwa makosa, asaini, na yeye Padre ataiweka barua ile kwenye droo. Hakuna mtu atakayeaibika. Yalikuwa maneno mazuri. Yuliana akaitazama kalamu aliyosukumiwa. Akafikiri: hii nayo itakuwa karatasi yenye mwandiko wangu, na sijui itatolewa nakala wapi.

"Sitaandika tena, Padre," akasema. "Isomwe Jumapili mbele ya wenye majina. Kila mtu ajisemee."

"Ikisomwa haitarudi mfukoni, Yuliana. Unajua watasemaje?"

Alijua, au alidhani anajua. Alikuwa na uhakika kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale arobaini na sita aliyejua kilichoandikwa. Wangeikana wote, na uongo ungebaki peke yake katikati ya kanisa. Padre akafunga faili, akasema sawa, atakuja Jumapili kwa Misa na ataisoma.

Habari ilimtangulia nyumbani. Siku iliyofuata alikuwa kwenye mwamba nyuma ya boma, akianika mihogo, aliposikia hodi ya Onesmo. Alikuja kwa miguu, bila pikapu. Akaketi juu ya jiwe, akageuza vipande viwili vitatu vya muhogo kama mtu wa nyumbani, akauliza kama Makongoro yupo. Hakuwepo, na bila shaka alilijua hilo.

"Shemeji, nimesikia ulikwenda kwa Padre," akasema.

Yuliana akasema aliitwa. Akaendelea kuanika. Alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamjibu zaidi ya anachoulizwa. Onesmo akaanza kwa mbali. Alizungumzia vijana wanaokimbilia makanisa mengine kwa sababu hapa hawaruhusiwi hata kupiga kinanda. Akazungumzia mpwa wake aliyesomea ukatekista, yuko tu nyumbani. Akazungumzia Bernado bila kumtukana, akisema ni mzee wake, anamheshimu, amechoka tu, apumzishwe. Kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake, na hilo lilimtisha Yuliana kuliko uongo, maana hata yeye alikuwa ameshawahi kuyasema baadhi ya hayo jikoni.

"Majina ulichukua kwa ujanja," akasema mwishowe, akivunja kiapo chake.

"Nilichukua mahudhurio." Onesmo hakupandisha sauti. "Si wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mahudhurio ni ushahidi? Ulikaa msibani nyumbani kwa mama yangu, ukafungua daftari, ukasoma: mara mbili. Ukafunga. Hukuuliza Gody alikuwaga wapi siku zile nyingine. Alikuwaga shimoni, shemeji. Mtu anashuka Jumatatu anapanda Jumamosi."

Yuliana alishika kipande cha muhogo asijue akiweke wapi.

"Sikuombi useme uongo," Onesmo akaendelea, sasa kwa upole wa zamani. "Jumapili Padre akisoma, wewe kaa kimya. Usiseme umesaini, usiseme hukusaini. Wakikuona katibu umenyamaza, watu nao watanyamaza. Kimya tu. Kimya si dhambi."

Akasimama, akamsaidia kuanika kapu lililobaki, akaaga. Yuliana alibaki amekaa juu ya mwamba ule wa moto. Hakuweza kuamua kama alichosikia ni uchungu wa mtu aliyefiwa au ni uchungu uliotunzwa miaka miwili ili utumike. Alimwonea huruma Onesmo, kisha akaishuku huruma hiyo, kwa kuwa ilikuja wakati uleule Onesmo mwenyewe alipoitaka.

Jioni alikwenda kwa Bernado. Alihisi anadaiwa na mzee huyo neno la onyo. Alimkuta barazani, ametoka kufundisha watoto wa komunyo, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Wakasalimiana.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaa, binti yangu."

Akamweleza habari ya barua kwa ufupi, bila kumtaja Onesmo. Bernado alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Yuliana alitegemea aone maumivu, na kwa muda mfupi aliyaona. Kisha mzee akaingia ndani, akatoka na kipande cha penseli na bahasha ya zamani, akaipindua upande mweupe.

"Nitajie," akasema.

"Nikutajie nini, Mwalimu?"

"Waliosaini. Mmoja mmoja. Mwaka huu nina watoto thelathini wa komunyo, nataka nijue wazazi wao wako wapi."

Yuliana akatikisa kichwa. Akasema wale hawakusaini barua, walisaini mahudhurio, ndicho alichotoka kueleza. Bernado akasema hata hivyo, hawezi kukosekana mwenye nia. Anataka orodha tu. Yeye, Yuliana, anayo kichwani, hakuna aliye na kichwa kama chake. Yuliana akakataa. Akakataa mara ya pili. Mzee akaiweka penseli chini polepole.

"Mimi ndiye niliyekuweka hapo," akasema. "Ulikuja huku hujui hata kusalimia. Leo unanificha majina. Basi na wewe umo."

Aliporudi nyumbani hakuwa na mtu wa kumwambia. Alimtazama Makongoro akila, kisha akaondoa vyombo. Kama Esta amebadilika, na kama Padre ana saruji ya Onesmo, na kama Mwalimu mwenyewe anataka orodha, nani alibaki? Alilala akiwapanga watu wa kigango upande huu na upande ule, na kila alipomaliza ilibidi aanze upya.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Hata waliokuwa na sifuri za mwaka mzima walikuja. Baada ya Misa Padre Apolinary aliwaomba watu wakae, akavua kasula, lile joho la Misa, akabaki na kanzu nyeupe, akaisoma barua kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutia mkazo popote. Bernado alikuwa benchi la mbele, mgongo umenyooka. Onesmo alikuwa karibu na mlango. Watu waliposikia maneno "majina yetu yameambatishwa", wakaanza kugeukiana.

Padre akamwita katibu. Yuliana alisimama. Hakuwahi kusema kanisani zaidi ya matangazo, na matangazo huwa yameandikwa. Sasa hakuwa na karatasi. Aliangalia sakafu, akasema karatasi tatu zile alizipiga mistari yeye, kwa ajili ya kikao cha sikukuu, na kwamba wote waliosaini walisaini kuwa walifika. Jina lake ni la kwanza. Yeye hakuomba katekista aondolewe. Asingependa jina lake limtoe mtu nyumbani kwake wakati yeye hajui. Akakaa.

"Nitaita majina," Padre akasema. "Anayeikubali barua hii asimame. Asiyeikubali akae. Hakuna atakayeulizwa sababu."

Wa pili hakusimama. Wa tatu hakusimama, akatikisa na kichwa kabisa. Hivyo hivyo hadi wa saba, na Yuliana akaanza kupumua. Wa nane alikuwa Esta. Esta akasimama. Hakumtazama wifi yake. Alisimama akishika benchi la mbele kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Baada yake wakakaa watatu, akasimama mmoja, wakasimama wawili wa kwaya. Padre akafika namba kumi na tisa, akasita, akasema huyu hakusaini, ana udhuru, atamruka.

"Usiniruke," mzee Nyamhanga akasema, akijiinua kwa fimbo. "Sikuwepo, nilikuwa natibiwa jicho. Lakini mngeniuliza ningesaini. Niandike."

Watu wachache walicheka, kicheko cha hofu. Majina yakaendelea. Kwenye karatasi ya tatu Padre akasoma, "Makongoro Nyamburi," na Yuliana hakugeuka kwa sababu hakuona haja. Alisikia benchi la wanaume likilia. Alipogeuka, mumewe alikuwa wima, kofia mkononi, akitazama madhabahu.

Walisimama watu kumi na tisa. Ishirini na saba walikaa. Padre akasema barua imekufa, haiendi kwa Askofu, kwa sababu imebeba majina ya watu kwa namna isiyo ya kweli, na Bernado atabaki katika kazi yake na katika nyumba yake. Kisha akasema kumi na tisa si wachache, na kama wana neno aliseme mmoja wao. Ndipo Nyamhanga, ambaye hakuwa na cha kupoteza, akasema neno moja tu, "Gody."

Padre akamgeukia Bernado. Mzee akainuka, akajibu bila kugeuka nyuma.

"Mimi nilifuata daftari," akasema. "Daftari analiandika katibu."

Yuliana alikuwa ametoka kumwokoa dakika hiyo hiyo. Alidhani atakasirika, akashangaa kuona hakasiriki. Alichoona ni kwamba mzee amesema kweli. Akasimama mara ya pili, na safari hii hakuangalia sakafu.

"Ni kweli," akasema. "Niliandika kwamba hakuja. Sikuuliza kwa nini. Wengine niliwauliza, nikawawekea udhuru. Gody sikumuuliza kwa kuwa alikuwa kijana wa machimbo, nikadhani namjua. Nawaomba radhi ndugu zake."

Akageuka kumtafuta Onesmo pale mlangoni. Onesmo alikuwa ameshatoka. Wengine walisema baadaye kwamba alitoka akifuta macho. Wengine walisema alitoka mapema kabisa, alipoona hesabu haifiki nusu, akapiga simu akiwa amesimama kwenye pikapu yake. Yuliana hakupata kujua lipi ni lipi, na kila alipofikiri amejua, alikumbuka jinsi alivyomsaidia kuanika mihogo.

Padre akasema atakwenda kwenye kaburi la Gody baada ya chakula, anayetaka amfuate. Akaomba daftari la mahudhurio abaki nalo parokiani kwa muda, na Yuliana akampa kwa mikono miwili. Bernado alipita mbele yake wakati wa kutoka. Akaenda zake akihimiza watoto wasikanyage maua.

Yuliana na Makongoro walirudi kwa njia ya mashambani. Mtama ulikuwa umeshakatwa, mabua yamelala. Walitembea muda mrefu, yeye mbele, mume nyuma, kabla Yuliana hajauliza kama alijua habari za barua.

"Sikujua. Nilisaini mahudhurio kama wewe."

"Sasa ulisimama kwa nini?"

"Iliposomwa nilikubaliana nayo." Akatembea hatua kadhaa. "Gody tulichunga naye ng'ombe. Nilichimba kaburi lake. Mwalimu alipita barabarani na baiskeli, akatuona, hakushuka."

"Miaka miwili, Makongoro. Tunalala kitanda kimoja. Mbona hukuniambia?"

Alilifikiria swali hilo kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu.

"Ungeandika," akasema.

Hakulisema kwa ubaya, na kwa sababu hiyo Yuliana hakupata pa kulishika. Akaendelea kutembea. Bila kukusudia akaanza kuwapitia moyoni waliosimama: Esta, jumuiya ya kwanza, wale wawili wa kwaya, jumuiya ya tatu, Nyamhanga. Alifika wa saba alipogundua kwamba anawapanga kwa namba, na kwamba kwa namba hizo angejua nani wa kumsalimia na nani wa kumwepuka. Akaacha hapo hapo, jina likiwa nusu.

Akasimama, akamsubiri mumewe afike sawa naye.

"Kuna lipi lingine hujaniambia?" akauliza.

Makongoro akatazama kwanza mikono ya mkewe, akaona haina kitu, ndipo akaanza kusema.